Muhuri Namba Saba

Saa nne asubuhi Nangobi alitoka kwenda kuosha macho. Kila mkaguzi alipewa dakika tano, kwa zamu, kwenye bomba lililokuwa nyuma ya stoo. Aliinama, akakinga maji kwa viganja viwili, akatumbukiza uso na kuyafumbua macho humo humo. Maji yaliwasha kwanza, kisha yakapoza. Tangu saa moja alikuwa akivuta moshi wa lehemu, na kope zake zilikuwa zimevimba kama za mtu aliyekesha matangani.

"Bakiza, mukwano," Olivia, rafiki na mkaguzi mwenzake, alisema nyuma yake, leso begani, akingoja zamu yake. "Maji ya Nile hayo, na Misri nao wanayangoja."

Nangobi alicheka bila kuinua uso.

Hapo kiwandani, Jinja, walitengeneza chaja za betri za gari. Mwaka huo wa 1998 nyumba nyingi kutoka Iganga hadi milima ya Mbale hazikuwa na waya wa umeme. Watu waliwashia taa na redio kwa betri ya gari, na ilipokwisha nguvu waliifunga kwenye karia ya baiskeli na kuipeleka kwa fundi wa kuchaji. Ndani ya kila chaja kulikuwa na bodi ya kijani, ukubwa wa kiganja, yenye vidude arobaini na viwili. Wanawake wa mwanzo wa mstari wa kazi walivichomeka kwa mkono, wengine wakavilehemu, na mwisho wa mstari walikaa wakaguzi kumi na mmoja, kila mmoja na taa yake, kioo chake cha kukuzia, na muhuri wake wa mpira wenye namba. Muhuri wa Nangobi ulikuwa namba saba.

Alikagua kama mtu anayepalilia, tuta kwa tuta, akianzia pembe ya kushoto. Kidude alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kapasita, pipa dogo jeusi lenye mstari mweupe ubavuni. Mstari ule ulipaswa kuelekea ukingo wa bodi. Pipa likichomekwa kinyume, chaja iliwaka vizuri tu. Ilipita jaribio la umeme, ikaenda sokoni, ikafanya kazi wiki moja, pengine tano, huku kapasita ikichemka ndani kwa ndani, mpaka siku ilipopasuka. Kuuona mstari huo kulitaka kuilaza bodi ubavu chini ya taa. Nangobi alizilaza zote. Kwa miaka saba hakuna bodi yenye muhuri wake iliyorudishwa.

Nyumbani kwake Masese walikula watu sita. Mumewe, Yekosofati, alikuwa fundi wa mashine za kufumia mpaka kiwanda cha nguo kilipofunga milango. Sasa alibeba makreti ya samaki siku ambazo samaki walikuwapo. Siku nyingine alikaa mlangoni akinoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Mwezi wa tatu ililetwa mashine.

Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, kubwa kama kabati la nguo, rangi imechubuka mahali walipobandua jina la wenyewe wa kwanza. Fundi aliyetoka Nairobi kuifunga alikaa siku mbili. Aliwaeleza kwamba ndani yake mna kamera nne zinazotazama chini. Bodi inapita chini ya kamera, mashine inailinganisha na bodi ya mfano iliyoonyeshwa mwanzoni, na ikiona tofauti inawasha taa nyekundu na kulia. Hapo mtu anatazama. Kama kosa ni la kweli, anabonyeza kitufe chekundu na bodi inatupwa kando. Kama si kosa, anabonyeza cha kijani, na mashine inajifunza kutolilia jambo la namna hiyo tena.

"Kwa hiyo inafundishika," alisema Bwana Timothy, meneja wa uzalishaji. Alikuwa kijana mpole wa sauti, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. "Nangobi, ichagulie bodi ya mfano. Wewe ndiye mwenye jicho."

Alichagua kwa asubuhi nzima. Alipitia bodi mia mbili, akabaki na tisa, kisha tatu, kisha moja. Fundi wa Nairobi aliitazama kwa kioo akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na Nangobi akaona fahari ambayo hakumwambia mtu.

"Umeifundisha kuona," Olivia alimwambia jioni hiyo langoni. "Sasa ifundishe na kula posho ya mahindi, tujue nani atalala njaa."

Wiki ya pili wakaguzi kumi waliitwa ofisini mmoja mmoja. Walitoka na bahasha, wakavua koti la kazi, wakalikunja juu ya kiti. Olivia alilikunja lake polepole, mikono ndani, kama anayekunja nguo ya mtoto.

"Wewe umebaki," alisema.

"Wanataka mtu wa kubonyeza."

"Wewe ni mama yake. Mama hafukuzwi na mtoto." Hakuwa akitania, wala hakuwa na hasira. Alichukua mfuko wake akaenda.

Mashine ililia sana. Katika kila bodi mia ilililia thelathini, na karibu zote zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kapasita. Ilichomekwa kwa mkono, na mkono wa mtu hausimamishi kitu wima mara elfu. Moja iliinama kulia, nyingine kushoto, na kamera zilizotazama kutoka juu ziliona ukingo wa ule mstari mweupe ukihamahama. Kila mara taa ilipowaka, Nangobi aliitoa bodi, akailaza ubavu, akaikagua, akairudisha. Nyuma yake mstari wa kazi ulisimama. Vibarua wapya, waliofundishwa siku tatu na kulipwa kwa hesabu ya bodi, walimtazama kwa macho ya watu wanaocheleweshewa chakula.

Bwana Timothy alikuja na kiti akakaa kando yake.

"Nyingi ni kosa kweli?"

"Hapana, ssebo. Zimeinama tu."

"Basi kwa nini unazitoa?"

"Siwezi kujua mpaka nizilaze."

"Nangobi." Alisema jina lake kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mwenye kiwanda amenunua mashine ili tusilaze. Ikilia kwa sababu ya kapasita, bonyeza kijani. Siku chache itaelewa, itanyamaza."

"Na ile iliyo kinyume?"

"Kwa miezi hii umeona ngapi zilizo kinyume?"

Alifikiri. "Mbili."

"Mbili," Bwana Timothy alisema, akasimama, akarudisha kiti mahali pake.

Nangobi alibonyeza kijani. Siku ya kwanza kidole kilisita kila mara. Siku ya nne hakikusita. Siku ya tisa hakukuwa na haja ya kidole, kwa kuwa mashine ilikuwa imeelewa. Kapasita ikae itakavyo, taa haikuwaka. Mstari wa kazi ukaenda mbio. Kazi ya Nangobi ikabaki kuupigia muhuri mgongo wa kila bodi iliyotoka upande wa pili, maana karatasi za serikali zilidai namba ya mkaguzi, na mashine, alivyosema Bwana Timothy, haina mkono.

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya mwezi wa tano, alipoiona. Bodi ilimponyoka ikaanguka ubavu juu ya meza, na mstari mweupe ukamtazama kutoka upande usio wake. Aliishika. Akachukua iliyofuata akailaza, ilikuwa nzima. Ya tatu nzima. Ya nne ilikuwa kinyume. Aliinuka akaenda nazo zote mbili ofisini.

Bwana Timothy alizigeuza mkononi. "Mashine imesema nini?"

"Imenyamaza."

"Na jaribio la umeme?"

"Zimepita. Hizi hupita, ssebo. Huharibika baadaye."

Nje, kwenye ukumbi wa kupakilia, lori la Mbale lilikuwa limeshawashwa. Nangobi aliliangalia kupitia mlango. "Naomba nifungue makatoni ya leo. Nizilaze tu. Nitafanya mpaka jioni, silipwi."

"Katoni arobaini."

"Naweza."

Bwana Timothy alikaa kimya kidogo. Baadaye, alipolala kwenye saruji ya mahabusu ya Mbale, Nangobi aliukumbuka ukimya ule na kuuhesabia haki yake: mtu yule aliwaza kweli. Kisha akasema, "Nikilisimamisha lori, nitaulizwa kwa nini. Nikisema mashine haioni, nitaulizwa nani aliifundisha." Aliziweka bodi mbili juu ya faili. "Hizi umezikamata, vizuri. Nenda umalizie zilizobaki."

Alirudi akamalizia. Zile alizopiga muhuri mchana huo alizilaza kwanza, kila alipoweza, lakini mstari wa kazi ulikwenda mbio kuliko mikono yake. Lori lilikuwa limeondoka.

*

Wiki sita zikapita. Asubuhi moja Bwana Timothy alimwita akamwambia chaja imeleta matatizo kwa mteja mmoja Mbale, na polisi wa huko wanataka mtu wa kueleza mambo ya kitaalamu.

"Wewe unazijua kuliko mimi," alisema. "Dereva atakupeleka. Mpe afande barua hii."

Bahasha ilikuwa imebandikwa gundi. Aliishikilia mapajani njia nzima, kupita Iganga, kupita mabonde ya mpunga, mpaka mwamba wa Wanale uliposimama mbele yao juu ya mji. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kanisani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumwa na kiwanda mahali.

Afande Odero aliyempokea alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliongea Kiswahili cha kambini, kisichotofautisha mimi na yeye. Lugha hiyo Nangobi aliijua kutoka vizuizi vya barabarani vya utotoni mwake, kwa wanajeshi waliomwamuru baba yake avue viatu. Alielewa kidogo. Kuijibu hakuweza.

"Huyu hasikii," Odero alisema. Akamgeukia mwanamke aliyekaa kwenye benchi ukutani. "Mama, wewe najua Kiganda. Saidia mimi."

Mwanamke yule alisogea. Alikuwa na hijabu nyeusi, na mikono yake miwili ilikuwa imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. "Naitwa Zulaika," alimwambia Nangobi kwa Kiganda, kwa adabu, kama watu wanaokutana kliniki. "Chaja mlizotengeneza zilikuwa dukani kwetu. Namatala. Tulikuwa tunachaji betri, mimi na mume wangu, Ridwan."

"Tulikuwa?"

"Betri zikichajiwa hutoa hewa yake, unajua. Siku ile zilikuwa kumi na nne. Chaja ikapasuka, cheche ikaikuta hewa. Aliniambia toka, nikatoka. Nikarudi kumvuta." Aliitazama mikono yake. "Tumemzika Jumanne."

Nangobi alitafuta la kusema katika lugha zote alizozijua. Alisema, "Pole, nnyabo," na Zulaika akaitikia pole hiyo kama ilivyo desturi, kwa kuinamisha kichwa.

Odero alikuwa amefungua bahasha. Aliisoma barua mara mbili, kidole chini ya mistari, kisha akamtazama Nangobi juu ya miwani.

"Hii barua nasema kampuni iko na mashine ya kisasa. Nasema kama bodi imeharibika, ni kwa sababu mfanyakazi alibonyeza kitufe mbaya. Mwenye muhuri namba saba." Akaiweka mezani. "Namba saba ni nani?"

Zulaika alitafsiri. Katikati sauti yake ilipungua, lakini aliifikisha mwisho.

"Ni mimi," Nangobi alisema. "Lakini mwambie mashine ndiyo iliyopitisha. Mimi nilipiga muhuri tu."

"Afande, anasema mashine ndiyo iliyopitisha."

Odero alivuta fomu. "Sawa. Mashine iandikwe. Jina lake nani?" Alingoja. "Baba yake? Kijiji? Kabila?" Hakuwa akicheka. Kila alipouliza alielekeza kalamu kwenye nafasi tupu. "Mimi naandika mtu. Hapa iko nafasi ya mtu tu."

Akafungua droo, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya gazeti. Kilikuwa chaja, au kilichobaki. Bati lilikuwa limejikunja, na ndani yake bodi ilikuwa nyeusi kama ukoko wa sufuria. Mgongoni, mahali moto haukufika, namba saba ilisomeka.

"Muulize. Iliharibika wapi?"

Lilikuwa swali la kazi. Baada ya asubuhi nzima ya maneno asiyoyajua, hilo alilijua. Nangobi aliichukua bodi, akapuliza majivu, akaanzia pembe ya kushoto. Hakukuwa na kioo. Aliilaza ubavu, akaisogeza karibu na jicho, akapitisha ukucha. Pipa lilikuwa limepasuka, lakini kipande cha ganda lake kilikuwa kimegandia chini, na juu yake ukabaki mstari mfupi, mweupe bado.

"Hapa," alisema. "Mstari umeingia ndani. Ulipaswa kuelekea huku, ukingoni. Kapasita iliwekwa kinyume."

Zulaika hakutafsiri mara moja. "Kwa hiyo kosa linaonekana," alisema.

"Ukiilaza."

"Hata sasa, imeungua hivi, umeliona kwa macho."

Nangobi aliirudisha bodi mezani kwa mikono miwili.

"Nasema nini?" Odero aliuliza.

Zulaika alimweleza, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kalamu ilitembea kwa muda mrefu. Odero akamsomea alichoandika, Zulaika akakigeuza: kwamba yeye ndiye namba saba, kwamba anaifahamu kasoro, kwamba kasoro inaonekana kwa macho ya mkaguzi, kwamba aliipitisha. Yote yalikuwa kweli. Nangobi alilitafuta lililo uongo ili alikatae, hakuliona. Alitia sahihi.

Aliposimama kutoka, gari la kiwanda halikuwapo uani.

*

Hakimu alikuwa likizo. Kesi ikasubiri, na Nangobi akasubiri nayo, katika chumba cha mahabusu cha wanawake hapo kituoni, chenye saruji ya mteremko. Yekosofati alikuja mara moja, amedandia lori la samaki. Alikuwa amekwenda kiwandani, wakamwambia jambo liko mikononi mwa sheria. Alisema hivyo, na saa yao ya kuonana ikaisha.

Olivia alikuja wiki ya tatu. Alileta posho na samaki wa kukaushwa ndani ya jani la mgomba, akamwangalia akila.

"Wameniita," alisema hatimaye.

"Kiwandani?"

"Kwenye mashine. Pale pako." Alifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu. "Nimeanza Jumatatu. Nisingekwambia, lakini ungesikia."

"Umefanya vizuri. Watoto wale nini?" Nangobi alimeza. "Zilaze, Olivia."

"Nilimwomba Bwana Timothy. Mstari unakwenda mbio zaidi sasa, ungeshangaa. Amesema nikiona kitu nibonyeze." Alimsogezea jani la mgomba. "Taa haiwaki kabisa, mukwano. Kutwa nzima. Inatisha vile ilivyonyamaza."

"Muhuri wako umekuwa namba ngapi?"

"Kumi na mbili. Saba wameifuta kwenye daftari."

Siku mbili baadaye mlango ulifunguliwa mapema kuliko kawaida. Polisi walikuwa wamepita maduka ya kuchaji ya mji, Namatala mpaka Nkoma, wakakusanya chaja zote zenye namba saba na kuzifungua. Bodi sitini na tatu zilikuwa ndani ya katoni mbili, mezani kwa Odero. Mwendesha mashtaka alitaka kujua mbovu ni ngapi, ili hati ya mashtaka iandikwe sawasawa, na Mbale nzima hapakuwa na mtu awezaye kuzitofautisha. Zulaika alikuwa kwenye benchi lake. Alikuwa akija kila siku kuuliza. Bendeji ya mkono mmoja ilikuwa imefunguliwa, na ngozi chini yake ilikuwa na rangi ya waridi.

"Mwambie hakuna kulazimishwa," Odero alisema. "Akikataa, naandika zote mbaya."

Nangobi alisikiliza tafsiri. Akazitazama bodi. Nyingine zilikuwa na vumbi la majumbani mwa watu, moja ilikuwa na utando wa buibui. Zile nzima zingeweza kurudi kwa wenyewe. Zile nyingine zilikuwa zinachemka mahali fulani mpaka juzi, kando ya kitanda cha mtu.

Akavuta kiti. Alipoinua ya kwanza aliona mwanga hautoshi, akaomba meza isogezwe dirishani. Odero na askari mwingine wakaibeba. Akakaa, jua begani, akailaza bodi ubavu na kuanzia pembe ya kushoto.

"Nzima," alisema, akaiweka kulia.

Ya pili aliitazama muda mrefu zaidi. Akaiweka kushoto. Odero akaandika moja.

Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Rundo la kushoto lilifika sita, likafika saba. Zulaika alisogea na benchi lake akakaa karibu, akitazama mikono ile ilivyogeuza, ilivyolaza, ilivyopitisha ukucha. Odero alichoka kungoja, akanyoosha mkono kuichukua bodi iliyokuwa bado mkononi mwa Nangobi, ili aihesabie kushoto kuwa mbovu ya nane.

"Mwambie angoje," Nangobi alimwambia Zulaika, macho yake mekundu yakiwa juu ya bodi. "Hii sijaimaliza."